Majira ya joto kwa Kifaransa: majibu ya maswali yenu

Kwa nini husemwa "en été" (katika majira ya joto) lakini "au printemps" (katika majira ya machipuko)?

Été, automne (vuli) na hiver (majira ya baridi) huanza kwa irabu (h ya hiver haitamkwi), kwa hiyo huchukua en. Printemps huanza kwa konsonanti, ikachukua au. Unapotamka en été, n isikike na kuungana na neno linalofuata: "an-nete". Majina ya majira na ya miezi huanza kwa herufi ndogo.

Kwa "majira haya ya joto", niandike ce été, cet été au cette été?

Cet été. Été ni neno la kiume, ila ce haikai mbele ya irabu, ndiyo maana inaongezwa t. Kwa kuwa cet na cette hutamkwa sawa, wengi huandika cette, na mwalimu hukata alama. Jambo jingine: cet été yaweza kuwa majira yaliyopita au yajayo, kitenzi ndicho kinachoamua. Cet été, je suis allé à Marseille: nimeshakwenda. Cet été, je vais à Marseille: bado. Ukitaka kuondoa shaka, tumia l'été dernier (yaliyopita) au l'été prochain (yajayo).

Nilisema "je suis chaud" watu wakacheka. Nilikosea wapi?

Ulitangaza kwamba una ashiki! Vijana pia huitumia kwa maana ya "niko tayari, twende". Hali ya hewa ni il fait chaud. Mwili wako ukihisi joto ni j'ai chaud, na chaud hapo haibadiliki hata msemaji akiwa mwanamke. Être (kuwa: je suis, il est) hubaki kwa vitu: le café est chaud, kahawa ni ya moto.

Joto kali lisilopungua mchana wala usiku kwa siku tatu au zaidi huitwa canicule. Lichukulie neno hilo kwa uzito: canicule ya Agosti 2003 iliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa.

Likizo ni la vacance au les vacances?

Les vacances, wingi daima: partir en vacances. La vacance ni nafasi ya kazi iliyo wazi. Wanaoondoka Julai huitwa juilletistes, wa Agosti aoûtiens. Angalia matamshi: août ni "ut" au "u" tu, lakini katika aoûtien ile a hurudi.

Niko Lubumbashi. Nikimwandikia rafiki aliyeko Lyon, Julai yetu niiite été?

Hapana, atadhani unaungua jua. Kwenu ni la saison sèche (kiangazi), na usiku wa Julai ni wa sweta. Les grandes vacances (likizo ndefu) itaeleweka pande zote mbili, ila majira yataje kwa jina lake: En juillet, chez nous, c'est la saison sèche et il fait froid la nuit.