Jibu: Randa ya babu yenye tumbo la mviringo, ni ya kiwandani au ilichongwa?

Ndugu, umeuliza kama randa ya chuma (kifaa cha kulainishia mbao) ya marehemu babu yako, fundi mitumbwi wa Kirumba, Mwanza, ilitoka kiwandani na tumbo hilo, yaani upande wa chini, likiwa la mviringo. Kwa picha ulizoweka, naamini aliichonga mwenyewe.

Igeuze juani. Mashine ya kiwandani huacha mistari sawia; tupa ya mkono huacha mikwaruzo inayokatana. Kisha pima unene wa chuma kwenye kingo: ikiwa pembeni kumeliwa kuliko katikati, huo ni mkono wa mtu. Kisu cha randa ndicho shahidi mkubwa. Kama makali yake yamenolewa kufuata mviringo uleule, basi ilirekebishwa kwa kazi maalumu, pengine kulainisha upande wa ndani wa mbao zilizopinda. Zipo randa za kiwandani za kazi ya mviringo, ila zile za chuma nyingi tumbo lake ni bamba jembamba linalopindwa kwa skrubu.

Mpini wa mpera hausemi mengi, mipini huvunjika. Maandishi “Made in England” juu ya kisu yanahusu kisu tu, maana visu hubadilishwa.

Tafadhali usiipige msasa! Utafuta alama zote za mkono wake. Futa kutu kwa mafuta na kitambaa.