Mtoto asiyetulia darasani: jinsi ya kupata barua ya kumpeleka kwa mtaalamu

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 9 na anasoma mwaka wa tatu wa shule ya msingi hapa Kadutu, Bukavu. Tangu mwaka wa kwanza walimu wanalalamika kwamba hatulii, hamalizi mazoezi na hupoteza vitu vyake. Nyumbani ni vilevile. Dada yangu aliye Ubelgiji anasema huenda ni TDAH (tatizo la kushindwa kuzingatia na utukutu uliopita kiasi), na kwamba nimwombe daktari wetu wa familia atutume kwa wataalamu. Sisi hatuna daktari wa familia. Nianzie wapi, na nimwambie nini daktari ili asinirudishe nyumbani akisema ni utundu tu?

JIBU: Mama, dada yako anaeleza utaratibu wa huko aliko, ambako familia nyingi zina daktari mmoja anayetunza faili lao kwa miaka. Kwetu kazi hiyo imegawanyika kati ya kituo cha afya cha mtaa, ambako kwa kawaida utapokelewa na muuguzi, na hospitali kuu ya rufaa ya zoni yenu ya afya. Pitia huko huko, ila ukishampata daktari anayesikiliza, rudi kwa huyo huyo kila mara. TDAH haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Hutambuliwa kwa historia ya mtoto, na daktari anayekuona leo kwa mara ya kwanza hana historia hiyo isipokuwa umemletea.

Kwa hiyo mletee ikiwa imeandikwa. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotolewa mwaka 2013, vinataka dalili 6 kati ya 9 za kutozingatia, au 6 kati ya 9 za utukutu na pupa, zilizodumu miezi 6 au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana mahali pawili au zaidi, na zinazomkwamisha mtoto kweli. Neno «hatulii» halimsaidii daktari hata kidogo. Andika hivi: «Jumatatu, somo la hesabu: alinakili tarehe na swali la kwanza, kisha akachora kwenye jalada la daftari mpaka kengele ilipolia.» Mwombe mwalimu naye aandike nusu ukurasa wa namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na uchukue buletini (ripoti za shule) za miaka yote mitatu. Hizo za mwaka wa kwanza zina uzito wa pekee hapa mjini petu, kwa sababu watoto wengi walianza kushtuka, kukosa usingizi na kutosikia mafundisho baada ya matukio ya Februari 2025, vita vilipofika mjini, na hofu ya namna hiyo hufanana sana na TDAH kwa nje. Maelezo ya mwalimu yaliyotangulia tarehe hiyo yatamwonyesha daktari kwamba shida ilikuwapo kabla.

Ukifika mbele yake, usianze na jina la ugonjwa. Madaktari wengi (nami nimo) hujikunja kidogo mgonjwa anapoingia na jibu tayari. Sema kinachotokea, kimetokea tangu lini na kinamzuia mtoto nini, kisha uombe achunguze mambo yanayoweza kuleta sura hiyo hiyo: masikio, hasa kama yamewahi kutoa usaha, macho, upungufu wa damu, kukoroma na kulala vibaya. Jambo moja husahaulika mara nyingi, nalo ni kifafa cha kupotewa fahamu kwa sekunde chache. Mtoto hunyamaza katikati ya sentensi, hukodoa macho, haitikii hata ukimgusa, halafu huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwalimu huandika kwamba «anaota ndoto mchana». Daktari anaweza kumwambia mtoto apulize kwa nguvu kipande cha karatasi kwa dakika 3 huku akimtazama, kwani kupumua kwa kasi mara nyingi huamsha hali hiyo papo hapo. Taja pia kila dawa anayokunywa. Fenobarbitali, inayotolewa sana hapa kwetu kwa ajili ya kifafa, yenyewe inaweza kumfanya mtoto awe mtukutu.

Barua nzuri ya rufaa huonyesha umri na darasa la mtoto, dalili na muda wake, uchunguzi uliofanyika na majibu yake, dawa, na mwishoni swali lenyewe: je, huyu ana TDAH, au kuna maelezo mengine? Hata pale ambapo ungepokelewa bila barua, itakuepusha kulipia upya vipimo vilivyokwisha kufanyika. Baki na nakala. Huko Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Hapa Bukavu mara nyingi utaelekezwa SOSAME, nacho ni kituo cha afya ya akili, na najua majirani watasema nini wakisikia jina hilo. Kituo hicho hupokea pia wagonjwa wa kifafa, na kumpeleka mtoto achunguzwe hakumfanyi mwendawazimu.

Daktari akikataa, muulize kwa upole: «Kwa maoni yako, ni nini kinacholeta hali hii, na turudi lini kama haijabadilika?» Mwombe ayaandike majibu hayo mawili kwenye fishi (karatasi ya matibabu) ya mtoto. Ukirudi siku hiyo na hali ni ile ile, atakuwa na sababu iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe ya kukutuma mbele.

Usikubali dawa ya usingizi «ili atulie» mkiwa mnangoja. Metilfenidati, dawa inayojulikana zaidi kwa TDAH, hutolewa chini ya usimamizi wa mtaalamu, si kwa watoto walio chini ya miaka 6, na wala si jambo la kwanza: miongozo ya Shirika la Afya Duniani hutanguliza mafunzo kwa wazazi. Mengine unaweza kuyaanza wiki hii. Mwombe mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha, na nyumbani mpe agizo moja tu kwa wakati, ukimtazama usoni, ukingoja alimalize kabla ya kutoa la pili. Andika katika daftari lile lile kama yamesaidia au la, kwa maana mtaalamu atauliza hilo pia.