Bubu, kiziwi au mwenye ulemavu wa kusikia?

Swali: Mwalimu, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Langoni, Lamu. Katika tangazo la mkutano niliandika kwamba "mabubu na viziwi watatengewa mfasiri". Kijana mmoja akanikosoa, akasema viziwi ni jamii yenye lugha mbili na tamaduni mbili. Niandikeje? Na huo utamaduni wa pili ni upi, ilhali wanakula tulacho na kuswali tunakoswali?

Jibu: Bi Katibu, neno "bubu" liondoe kabisa. Bubu ni mtu asiyeweza kusema, na kiziwi wa kuzaliwa kwa kawaida hana kasoro ya koo wala ya ulimi. Hatamki maneno kama sisi kwa sababu hakupata kuyasikia. Isitoshe, Kiswahili hakijawahi kufunga usemi mdomoni. Twaandika "barua yasema" na hakuna anayeuliza sauti yake, na kuzungumza ni kubadilishana maneno baina ya watu, kwa hiyo sentensi "wanazungumza kwa Lugha ya Ishara" ni sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

"Kiziwi" si tusi, na wenyewe wanalitumia: jirani zetu wana Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Dharau huingia kwenye upatanisho wa kisarufi. Andika "kiziwi huyu amefika", kama usemavyo "kijana huyu" na "kiongozi huyu"; anayesema "kiziwi hiki kimefika" amemgeuza mtu kuwa kitu.

"Mwenye ulemavu wa kusikia" ni lugha ya sheria na ya hospitali, na ina mahali pake, ila hupima sikio tu. Mzee aliyepoteza usikivu uzeeni ana ulemavu huo, lakini huenda hajui ishara hata moja, na lugha yake ni ileile aliyolelewa nayo. Yeye hasikii, lakini si wa jamii anayoitaja kijana wako. Kinyume chake, mtoto anayesikia aliyezaliwa na wazazi viziwi huanza kuzungumza kwa ishara tangu uchanga.

Tukija kwenye hizo lugha mbili, Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili wala Kiingereza kilichohamishiwa mikononi. William Stokoe, wa chuo cha Gallaudet kule Washington, alionyesha mwaka 1960 kwamba ishara za viziwi wa Marekani zimeundwa kwa vipande vidogo, yaani umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, vipande vinavyofanya kazi kama sauti zinavyounda neno. Nyusi na macho nayo yamo katika sarufi. Mtu wa Amu (Lamu) anayesema "ndoo" nyumbani na kuandika "njoo" shuleni amehama lahaja, bado yumo katika lugha ileile. Kiziwi huhama lugha nzima, na ile ya pili huipata zaidi kwa maandishi. Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa pwani. Katika mitihani ya kitaifa, watahiniwa viziwi wamekuwa wakiruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili, kwa hiyo lugha ya maandishi anayorudi nayo kijana huweza kuwa Kiingereza, na mamake anajua Kiswahili peke yake. Msamaha ule una sababu zake, lakini kwa maoni yangu nyumba nyingi zimeulipia.

Utamaduni wa pili hauondoi wa kwanza. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na ndiyo maana mila hizi kwa kawaida hazitoki kwa mama, bali hupatikana shuleni na kwa wenzao. Tazama barazani, Bi Katibu. Sisi hukaa bega kwa bega, macho yetu njiani, na maneno yanaendelea. Viziwi wawili watachagua baraza mbili zinazoelekeana, mazungumzo yao yakivuka kichochoro. Ukifika hapo, ukasimama kuomba radhi, umewakatiza. Adabu kwao ni kupita upesi bila kusita. Kumwita mtu kwa kumgusa bega au kumpungia mkono si ufidhuli. Na umeme ukikatika, sisi tunaendelea kuzungumza gizani, ilhali wao kwanza watawasha tochi.

Kuhusu "mfasiri", huyo hushughulika na maandishi. Anayesimama mbele ya watu kupitisha maneno papo kwa papo ni mkalimani. Jina la lugha liandike kwa herufi kubwa kama la lugha nyingine yoyote (Tanzania huiita Lugha ya Alama), maana Ibara ya 120 ya Katiba ya Kenya imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Tangazo lako basi lisomeke hivi: "Viziwi watatengewa mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na viti vya mbele vyenye mwanga wa kutosha."