Harufu ya petroli kila ukijaza tangi: anzia chini ya siti ya nyuma

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Toyota IST. Kila nikijaza tangi, harufu ya petroli inaingia ndani mpaka watoto wanalalamika kuumwa kichwa. Mafuta yakishuka kufika nusu, harufu inapotea. Chini ya gari sioni hata tone. Miezi miwili iliyopita nilibadilishiwa pampu ya mafuta, na wiki hii nimenunua mfuniko mpya wa tangi lakini hali ni ileile. Ijumaa nina safari ya Masasi. Naweza kwenda nayo hivyohivyo? – Mama wa watoto wawili, Mtwara

JIBU: Marahaba, mama. Masasi usiende nayo ikiwa hivyo. Ni karibu kilomita 200, jua letu unalijua, na watoto watakuwa wamekaa siti ya nyuma, palepale ninapopatilia shaka.

Umeeleza vizuri, na maelezo yako yamenipunguzia kazi. Tangi likitoboka chini, litavuja hata likiwa nusu, na utaona ulowevu. Harufu inayokuja tangi likijaa na kuondoka mafuta yakishuka inatoka sehemu ya juu ya tangi. Huko juu kuna pampu, mipira ya kupitisha mvuke, na mpira mnene unaounganisha tangi na mdomo wa kujazia. Kwa kuwa pampu iliguswa miezi miwili tu iliyopita, mimi ningeanzia hapo.

Pampu imeshuka ndani ya tangi, na kati ya kichwa chake na tangi kuna sili ya mpira ya duara. Mpira huo ukikaa miaka kwenye petroli huvimba. Fundi akiutoa na kujaribu kuurudisha, anakuta umekuwa mrefu kuliko nafasi yake: akiukandamiza huku, unachomoka kule. Hapo wengine hupaka silikoni ya kopo na kufunga. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Inalainika, inabanduka vipandevipande, na vipande vingine vinadondokea ndani ya tangi. Nimefungua gari nyingi za namna hiyo, na kila mara mwenye gari ameshanunua mfuniko kwanza, kama wewe.

Peleka gari kwa fundi mafuta yakiwa chini ya nusu, na usimame uone. Kazi ifanyike nje penye upepo, milango wazi, terminali hasi ya betri imechomolewa, na asiwepo mvuta sigara wala anayechomelea karibu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mtwara. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, kwenye mazulia na sakafuni. Ndiyo sababu pia nakuomba usililaze gari kwenye banda lililofungwa mpaka litengenezwe.

Siti ikishanyanyuliwa utaona kifuniko cha bati. Kabla ya kufungua chochote zaidi, fundi apulize na kufuta mchanga wote uliojazana pale, maana ukidondokea kwenye tangi utaishia kwenye pampu mpya. Kisha aangalie ukingo wa kichwa cha pampu. Panapovuja, vumbi huwa limelowa na kuwa jeusi, na kitambaa cheupe ukikipitisha hapo kinanuka petroli. Dawa yake ni sili mpya ya gari hilohilo, ikalishwe kikavu kwenye nafasi safi, na bolti zikazwe kwa kupokezana pande zinazotazamana. Aangalie pia mipira inayoingia kwenye kichwa cha pampu kama imeingia na kubana mpaka mwisho.

Pakiwa pakavu kabisa, ahamie kwenye mpira wa mdomo wa kujazia, nyuma ya tairi la nyuma. Huku pwani chumvi inakula klipu za chuma haraka, na mpira unapasuka chini ya klipu, mahali usipopaona mpaka uifungue. Mpira wa kubadilishia uwe wa petroli. Wa maji utalainika.

Jambo moja liko mikononi mwako. Pampu ya sheli ikishajikata yenyewe, usimruhusu mhudumu aongeze "kidogo tu". Gari lako lina kopo lenye mkaa linalonasa mvuke wa tangi, na ukijaza hadi shingoni, petroli yenyewe inaweza kuingia humo. Mkaa ukilowa haunasi tena mvuke, na harufu itabaki hata sili ikiwa mpya.

Kwa msomaji ambaye harufu yake inakuja asubuhi anapowasha injini, au anapofungulia feni, hali ni tofauti: afungue boneti, atazame oringi (pete za mpira) za nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, na mpira unaopeleka mafuta kwenye injini. Mafuta pale yana presha ya takribani bar 3, kwa hiyo tone dogo likionekana azime gari palepale.

Wewe, ukishabadilishiwa sili, jaza tangi Jumatano hadi pampu ijikate, zunguka Mikindani na kurudi vioo vikiwa vimefungwa, kisha rudi na pua yako kwenye siti ya nyuma. Isiponuka, Ijumaa nenda Masasi. Ikinuka bado, zamu ya mpira wa mdomo imefika, na safari ipande basi.