Safari ya siri ya mama kwenda Ujerumani
Dada, kumpangia mama safari ya ghafla kutoka Mombasa hadi Ujerumani ni wema mkubwa, ila kwa viza ya Schengen (kibali cha kuingia kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) siri haitafika mbali: lazima aende mwenyewe kutoa alama za vidole na kutia saini fomu. Mwambie mapema, umfiche labda nani atakuja kumpokea. Pasipoti yake iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai miezi 3 baada ya kurudi. Bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya hadi angalau yuro 30,000. Tiketi usilipie kabla viza haijatoka, shikilia nafasi tu, na jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, usingoje wiki za mwisho.