Maswali ya Wasomaji: Kaa Kwato, Damu Yake na Maabara Zetu

Makala fupi ya toleo lililopita kuhusu kaa kwato, mnyama wa baharini ambaye damu yake hutumika kupima usalama wa dawa za sindano, imetuletea barua nyingi. Tumechagua tano.

Mama yangu hudungwa insulini kila siku. Je, ina damu ya huyo kaa ndani yake? Na kaa mwenyewe hufa? – Msomaji, Donholm

Mtulize mama. Hakuna hata tone la damu ya kaa katika insulini yake. Damu hiyo haitoki maabarani: huchanganywa na sampuli ndogo iliyotolewa kwenye fungu la dawa, na sampuli hiyo hutupwa baada ya kupimwa.

Kinachosakwa ni endotoksini, yaani vipande vya ukuta wa bakteria wa kundi la Gramu hasi. Mvuke wa moto huua bakteria wenyewe, lakini vipande hivyo hubaki, na vikiingia mwilini kwa sindano huweza kuleta homa kali, kushusha shinikizo la damu na hata kuua. Mwaka 1956 Frederik Bang, akifanya utafiti Woods Hole nchini Marekani, alieleza jinsi damu ya kaa kwato inavyoganda inapokutana na bakteria hao. Baadaye yeye na Jack Levin walitengeneza kipimo kutokana na seli za damu hiyo, na kufikia 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekiidhinisha. Kabla ya hapo, kazi hiyo ilifanywa kwa kudunga sungura dawa na kuangalia kama joto la mwili linapanda.

Kuhusu kufa, ndiyo, wapo wanaokufa. Kaa huokotwa ufuoni au huvuliwa kwa wavu, husafishwa na kufungwa kwenye rafu, kisha sindano huingizwa kwenye kiungo laini kati ya gamba la mbele na la nyuma, pale moyo ulipo. Damu, ambayo ni ya buluu kwa kuwa hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, hutiririka hadi ikome yenyewe. Kaa huweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla ya kurudishwa baharini. Tume inayosimamia uvuvi kwenye pwani ya Atlantiki ya Marekani hutumia makadirio kwamba 15 kati ya 100 hufa, ila zipo tafiti zilizopata hadi 30.

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya madhara hutokea kabla na baada ya sindano. Kaa kwato hupumua kwa matamvua yaliyopangwa kama kurasa chini ya tumbo, na yakikauka hawezi kupumua. Akirundikwa juani sitahani, akasafirishwa kwa lori lenye joto, kisha akakaa zaidi ya siku moja nje ya maji, anadungwa akiwa tayari hoi. Ndiyo maana wanasayansi wanadai wabebwe kwenye ubaridi na unyevu, wasirundikwe, waliojeruhiwa wasitolewe damu, na wote warudishwe upesi. Tena jike aliyetolewa damu anaweza kurudi baharini mzima lakini asije ufuoni kutaga kama alivyokuwa akitaga. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya waliokufa.

Kama wanyama hawa wameishi tangu kabla ya dinosaria, kwa nini wahesabiwe kila mwaka? Na mtu huwahesabu vipi usiku? – Mwanafunzi wa baiolojia, Chiromo

Kweli ni wa kale. Kisukuku kimoja kutoka Manitoba, Kanada, kina umri wa miaka milioni 445 hivi. Lakini mnyama huyu hukua polepole mno: hujivua gamba mara 16 hadi 18 na huhitaji takriban miaka 9 hadi 11 kabla ya kuzaa. Ukivua majike kupita kiasi mwaka huu, pengo litaonekana ufuoni baada ya miaka kumi, wakati ambapo waliolileta wamekwisha kuhamia kazi nyingine.

Ghuba ya Delaware ndiyo yenye kaa wengi zaidi wa aina ya Marekani, Limulus polyphemus. Hesabu hufanywa Mei na Juni, usiku maji yanapojaa, katika mwezi mwandamo na mwezi mpevu: siku mbili kabla, siku yenyewe, na siku mbili baadaye. Watu wa pwani yetu wataelewa mara moja kwamba hizo ni siku za bamvua, na bamvua humfikisha kaa juu kabisa ya ufuo. Kwenye kila ufuo, fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1 huwekwa mara 100 kando ya mstari wa maji, kwa nafasi zilizopangwa kabla. Anayehesabu haruhusiwi kuisogeza fremu pale anapoona kaa wengi. Akifanya hivyo mara chache tu, takwimu za ufuo mzima zimeharibika. Madume na majike huandikwa mbalimbali. Jike ni mkubwa zaidi, na dume ana makucha ya mbele manene ya kumshikia jike. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, au mawimbi yakiwa makali, kaa hawaji, kwa hiyo joto na mawimbi huandikwa pia. Bila hayo, usiku wa upepo utasomwa kana kwamba kaa wamepungua.

Kumtia alama kaa mzima ni kazi ya dakika chache. Pembe ya nyuma ya gamba la mbele hutobolewa kwa msharasi, kisha kitufe cha plastiki chenye namba husukumwa ndani ya tundu. Kwa kuwa kaa aliyekomaa hajivui gamba tena, kitufe hudumu miaka. Kwa mtoto ni kazi bure, kitabaki kwenye gamba alilolivua. Na asiinuliwe kwa mkia kamwe. Huutumia kujipindua akilala chali, na ukiteguka huenda akakaukia mchangani.

Idadi ina jambo lingine zaidi ya uhai wa kaa. Jike hufukia mayai kwa mafungu ya takriban 4,000, sentimita 15 hadi 20 chini ya mchanga, kina ambacho mdomo wa ndege haufiki. Huletwa juu na mawimbi, na zaidi na majike wengine wanaochimba mahali palepale. Ufuo wenye kaa wachache unaweza kuwa na mayai chini na bado ndege wakafa njaa juu. Anayeumia zaidi ni kitwitwi aina ya Calidris canutus rufa, ambaye hutoka kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini na kusimama Delaware ili karibu azidishe uzito wake mara mbili kabla ya kuruka hadi Aktiki. Kwa ajili yake, tangu 2013 mgao wa kaa wa Delaware wanaovuliwa kwa chambo cha mikunga na konokono wa baharini umekuwa wa madume tu, takriban 500,000 kwa mwaka. Wanaokamatwa kwa ajili ya damu hawamo katika mgao huo, na tunaona hilo ni tundu kubwa katika sera nzuri.

Nikiwa Watamu niliona gamba la kaa mkubwa kwenye matope. Ndiye huyu? – Msomaji, South B

Siye. Aina zote nne za kaa kwato zinaishi mbali na Afrika: moja pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini hadi Meksiko, na tatu Asia, kuanzia Ghuba ya Bengali hadi Japani. Ulichokiona huenda ni kaa koko wa mikoko. Kaa kwato hata si kaa kwa ukoo, yuko karibu zaidi na buibui na nge.

Klabu yetu ya mazingira inataka kuchangia kituo cha kutotolesha kaa hawa huko Asia. Je, inafaa? – Mwalimu, Kasarani

Mwalimu, nia yenu ni njema, ila ulizeni kwanza watoto hao watarudishwa wapi. Kuwatotolesha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kifaranga wa hatua ya kwanza hahitaji chakula, hutumia kiini cha yai. Akijivua gamba mara ya kwanza huanza kula artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba. Vifo huja baadaye, wakati wa kujivua gamba, hasa maji yakichafuka kwa chakula kilichobaki. Mradi wa Hong Kong umewapa wanafunzi watoto wa Tachypleus tridentatus kuwalea shuleni kabla ya kuwaachilia, na kwa elimu ni mradi bora. Lakini aina hiyo iliorodheshwa mwaka 2019 kuwa hatarini kutoweka, na kuta za bahari na ujazaji wa udongo baharini ili kupata ardhi ni miongoni mwa sababu. Ulezi usio na ufuo wa kutagia wala matope ya kupatia chakula hauzai kizazi cha pili. Changieni mradi unaolinda matope hayo.

Tunapima dawa za sindano kwa kimiminika cha damu ya kaa. Tunataka kuhamia kipimo kisicho na damu. Tuanzie wapi? – Fundi wa maabara, Eneo la Viwanda

Barua hii imetufurahisha kuliko zote, kwani uamuzi wa maabara moja hurudiwa kwa kila fungu la dawa, mwaka baada ya mwaka.

Kipimo mnachokitafuta hutumia Fakta C, kimeng'enya cha damu ya kaa kinachoamshwa na endotoksini, ila hii imetengenezwa kwa uhandisi wa jeni, kazi ya Jeak Ling Ding na Bow Ho wa Singapuri. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ilikipa sura yake, 2.6.32, kuanzia Januari 2021, na ile ya Marekani ikafuata kwa sura ya 86 mwaka 2025. Mtahitaji kisomaji cha mng'ao: nyuzi 37, mwanga wa nanomita 380 kuingia na 440 kutoka.

Anzeni na maji ya sindano, ambayo kikomo chake ni yuniti 0.25 za endotoksini kwa mililita, kisha dawa moja isiyo na ugumu. Tafuteni kiwango cha juu cha kuzimua: kikomo mara ukolezi wa dawa, gawanya kwa pointi ya chini ya mstari wenu wa viwango, ule mnaouchora kwa endotoksini ya kiasi kinachojulikana. Kikomo kikiwa yuniti 0.5 kwa miligramu, ukolezi miligramu 20 kwa mililita na pointi ya chini 0.005, mnaruhusiwa kuzimua hadi mara 2,000. Ongezeni endotoksini inayojulikana ya katikati ya mstari. Ikirudi kati ya asilimia 50 na 200, dawa haizuii kipimo. Ikirudi chini, kagueni kwanza pH, kisha kemikali kama EDTA au sitrati, ambazo hunyakua madini ambayo kimeng'enya huyategemea, halafu zimueni zaidi bila kuvuka kiwango cha juu cha kuzimua.

Makosa mengi hutoka kwenye vyombo. Vya kioo vichomwe nyuzi 250 kwa dakika 30 au zaidi. Epukeni plastiki ya polipropilini, kwani endotoksini hunata kwenye kuta zake. Endotoksini ya viwango iliyotoka kuyeyushwa itikiswe kwa mashine dakika 15, na kila mzimuo dakika moja.

Msishangae majibu ya zamani yakiwa juu kuliko mapya kwa dawa iliyopita kwenye kichujio cha selulosi. Kimiminika cha damu huamshwa pia na glukani, aina ya sukari inayotoka kwenye vichujio hivyo, kupitia kimeng'enya kingine, Fakta G, ambacho kipimo kipya hakina. Pimeni mafungu kadhaa kwa njia zote mbili, mwandike sababu ya kila tofauti, na mpeleke ombi la badiliko kwa Bodi ya Famasia na Sumu kabla ya kuacha mbinu iliyosajiliwa. Kwa dawa zitakazochelewa kuhama, vipo vibweta vidogo vinavyotumia sehemu ndogo tu ya kimiminika kinachohitajika kwenye sahani ya maabara yenye visima 96.