Rekodi Bendi Yako Ingali na Joto

Kijana mmoja wa Kondoa ameniandikia wiki hii. Wana bendi ndogo, wanapiga harusini na kwenye baa mwisho wa wiki, nyimbo zao wenyewe wanazo, na swali lake ni hili: "Kaka, turekodi sasa au tusubiri tukomae kwanza?" Ujumbe umenikuta nina furaha kubwa, maana bendi yetu imemaliza kurekodi albamu na redio moja hapa Dodoma imeanza kuipiga. Nilimjibu kwa neno moja: sasa. Lakini najua wapo wengine Singida, Manyoni na Kongwa wanaojiuliza hilohilo, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu.

Bendi yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii ya sasa. Wenzangu wa sasa wanalijua hilo na hawanuni. Tulikuwa tunapiga Majengo na Chang'ombe za hapa Dodoma, Ijumaa na Jumamosi, na mpiga solo wetu, mtu wa Mpwapwa, alikuwa na vidole ambavyo sijavisikia tena kwa mtu mwingine. Akiingia kwenye sebene, pale gitaa linapochukua wimbo watu wacheze, wahudumu wanasimama na trei mkononi. Vyombo vilikuwa vya kukodi, posho ilikuwa ya nauli na chipsi, ila watu walitoka Nkuhungu kwa miguu kuja kutusikiliza.

Tukaingia studio. Mwenye studio alikuwa akituona kwenye maonesho yetu, akatuita yeye mwenyewe, akasema tutoe nusu ya malipo na nusu nyingine tutamalizia kazi ikiisha. Tukakubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono kama waungwana. Kuanzia hapo kila tukimfuata nyimbo hazijakamilika: mara umeme, mara kompyuta imekufa. Bendi ikaanza kulegea. Mpiga bezi akapata kazi Dar es Salaam, mwingine akahamia kwa wakwe zake. Halafu siku moja, niko kwenye daladala ya kwenda Kizota, nikasikia sebene letu. Gitaa lilelile, hata pale mpiga tumba alipochelewa kidogo katikati palikuwa vilevile, lakini juu yake anaimba mtu mwingine kabisa, maneno mengine. Nilishuka kabla ya kituo changu. Tulipomkabili yule bwana, alituuliza tuna karatasi gani.

Mpiga solo wetu alifariki baadaye kwa maradhi. Mkewe aliniomba wimbo wowote wenye gitaa la mumewe, ili watoto wakikua wamsikie baba yao. Sikuwa na cha kumpa isipokuwa ule wenye jina la mtu mwingine. Nikampa. Linaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha.

Ni kipindi hicho ndipo nilipoanza kumsikiliza Salum Abdallah, mwanamuziki wa dansi wa zamani, kwa makini. Kabla ya hapo nilimsikia kama wengi tunavyomsikia, kwenye kipindi cha zilipendwa, muziki wa wazee. Sasa nikawa namsikiliza kama kiongozi wa bendi anavyomsikiliza mkubwa wake wa kazi.

Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi wake walimwita SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Alikulia kwenye santuri za Kikuba zilizokuwa zikiuzwa Afrika kwa alama ya GV, na zilimkolea kiasi kwamba husimuliwa alitoroka nyumbani akafika Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Kuba. Kuba hakufika. Alirudishwa Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi aliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ndiyo ikawa Cuban Marimba.

Hapo naomba msomaji utulie kidogo. Huyu ni kijana wa miaka ishirini hivi, yuko kwenye mji wa reli na mashamba ya mkonge, si Dar es Salaam. Mji huohuo tayari una Morogoro Jazz, iliyoanza mwaka 1944, na wapenzi wa dansi ni walewale wa kugombea. Angekuwa na kila sababu ya kusema ngoja kwanza. Hakungoja. Nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za Mzuri, lebo ya Assanand & Sons wa Mombasa, na kwa santuri hizo sauti ya Morogoro ikasikika Afrika Mashariki kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Morogoro.

Na kurekodi kwa enzi ile hakukuwa lelemama. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kwa kila upande. Hakukuwa na habari ya kuingiza gitaa leo, sauti kesho na tumba wiki ijayo. Bendi nzima inasimama, inapiga pamoja, mmoja akiharibu wote wanarudi mwanzo. Sikiliza "Ngoma Iko Huku" ukiwa na hilo akilini. Kila mtu anajua anaingia wapi na anatoka wapi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ule utulivu haukupatikana studio, ulipatikana mazoezini.

Hilo ndilo nililolichukua kwake moja kwa moja. Bendi yangu ya sasa ilifanya mazoezi ya kila wimbo kwa dakika tatu kabla ya kuruhusiwa kuurefusha. Walinilalamikia, hasa mpiga solo. Lakini mtu akiweza kusema jambo lake ndani ya dakika tatu, ukimpa sita atakupa muziki, hatakupa kelele. Tulipoingia studio tulipiga sote kwa pamoja, sauti tu ndizo tulizorudia baadaye, na hata prodyuza, kijana aliyezoea kutengeneza biti za Bongo Fleva, alivua vifaa vya masikioni akatutazama.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Alikuwa na miaka 37. Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba baada yake, na akaiongoza vizuri, ila sauti ya SAY ilibaki kwenye zile santuri. Mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya rekodi zake za kati ya 1955 na 1965 ikazitoa kwenye CD. Miaka kumi tu ya kurekodi, ndugu zangu, ndiyo inayotufanya tumjue. Umri wa miaka 37 mimi nimeshaupita. Kijana anayeniambia anasubiri akomae, anisamehe, najiuliza ni nani aliyemhakikishia hiyo kesho.

Na msiseme Dodoma haijawahi. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, hapo tu. Aliongoza Afro 70, bendi iliyokwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha kubwa la sanaa za Afrika, FESTAC, kule Lagos mwaka 1977. Wimbo wake "Harusi" bado unapigwa kwenye kumbi za harusi mjini hapa, na bibi harusi aliyezaliwa juzi anaucheza vizuri bila kujua kuwa mwenye wimbo ni mtu wa Mvumi. Balisidya alifariki mwaka 2004. Je, angekuwa amebakiza maonesho tu, hao maharusi wangecheza nini?

Sasa nakuja kwenye karatasi, na hapa nitakuwa mkali. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo unachotunga leo ni urithi wa watoto wako, na usiuchezee. Sheria hiyo inamtambua pia mpigaji, si mtunzi peke yake. Kajisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, nyimbo zikaandikishwe. Wanamuziki wanaogopa ofisi kuliko wanavyoogopa njaa, na mimi nimechoka kuwabembeleza.

Kabla hujapiga noti ya kwanza studio, andikeni ukurasa mmoja. Nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, nani amepiga nini, studio inalipwa kiasi gani, na kwamba faili zote, kila chombo peke yake, ni mali ya bendi na mtakabidhiwa siku ya malipo ya mwisho. Waandike wote, hata yule wa kuitikia. Wewe kiongozi usijiandike mtunzi wa kila kitu kwa sababu bendi ina jina lako. Nimeona bendi zikifa kwa uroho huo. Saini zenu, saini yake, na shahidi mmoja asiyekula kwa upande wowote. Kila mtu abaki na nakala, na faili ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, maana fleshi moja mfukoni si maktaba.

Mdogo wangu wa Kondoa, msitafute studio ya kifahari. Tafuteni yenye chumba cha kuwatosha wote mkiwa mmesimama, na mwende siku ambayo mmetoka kupiga usiku uliopita, mikono ikiwa bado laini. Anzeni na ule wimbo ambao watu huwaomba muurudie. Na mwenye studio akikwambia kati yenu hakuna haja ya maandishi kwa kuwa mnafahamiana, chukua gitaa lako, muage kwa heshima, uvuke barabara. Tangu serikali ihamie hapa studio zimekuwa nyingi, na inayosaini ipo.